Bibi Alipofukiza Udi Uswisi

Wenzetu wa mtaani kwetu Qurum kila likizo ya baridi walikuwa wakikimbilia Ulaya, basi mwishoni mwa miaka ya tisini baba yangu naye akaona haya kubaki Maskati. Akatubeba mimi na Bibi, mama yake, mpaka mji mmoja wa Uswisi, mbele ziwa, nyuma milima ya theluji. Mama alikataa katakata. Alisema baridi ya friji yamtosha.

Nilikuwa na miaka kumi na sita na haja moja tu duniani: kuteremka mlima ule kwa mbao za kutelezea. Bibi akasema hapana. "Mtoto wa kike, miguu juu mbele za wanaume? Thubutu!" Baba, mkubwa wa watu ofisini kwake, mbele ya mama yake huwa kama mtoto wa chuo cha Kurani. Wallahi nililia siku tatu kwa hasira.

Siku ya nne baba akamleta mwalimu wa kuteleza chumbani kwetu, amtoe Bibi wasiwasi. Mgeni ni mgeni: Bibi akamkirimu kahawa, tende, na halua aliyoinunua soko la Matrah. Yule bwana akala, akasifu, akaeleza, baba akitarjumi. Saa nzima, hanyanyuki. Bibi akachoka naye. Kwetu mgeni hafukuzwi. Hupitishiwa chetezo cha udi, na akishajifukiza anajua kwamba ndiyo kwaheri. Bibi akatoa makaa sandukuni, akawasha, akamsogezea puani.

Mzungu akavuta moshi, akafumba macho, akajinyoosha kitini.

"Looh," Bibi akasema, "huyu kahamia!" Akaongeza udi.

King'ora cha moto kikalia. Hoteli nzima ikamwagika nje kwenye theluji, wengine na taulo tu, na Bibi katikati na kanga zake, chetezo mkononi. Meneja hakutaka maelezo. Kabla ya adhuhuri tulikuwa garini na mizigo yetu. Udi wa kumtoa mgeni ukatutoa sisi.

Nilimnunia Bibi njia nzima. Mwisho akaniuliza, "Ulitamani sana?"

"Sana, Bibi."

"Hata mie," akasema. "Lakini wewe nnakuona kazi yako kulia tu. Mie umri wako ningalipita mlango wa nyuma, ruhusa ningaliomba nikisharudi."