Kutafuta Sauti ya Pili

Mama alifariki nikiwa mdogo sana. Ninachokumbuka ni mgongo wake tu: joto lake, na kanga iliyonibana. Sauti yake sikuwa nayo. Lakini ilikuwepo mahali, kwa sababu enzi za ujana wake aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa karibu na Mbozi Mission, na kwaya ile iliwahi kurekodiwa ikatolewa santuri. Baba aliitunza nakala moja miaka yote, ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya kabati.

Baba alipozidiwa na uzee nikamhamishia kwangu, katika mji mdogo wa Mpemba, karibu na mpaka. Shamba la kahawa tukamwachia kaka yangu. Baba alikuja na begi la nguo, mashine ya santuri na santuri ile. Mashine ilizunguka vizuri ila haikutoa sauti. Dereva wa lori, ambaye mizigo yake mimi ndiye ninayeishughulikia pale forodhani, akaniletea kutoka Johannesburg kiamplifaya kidogo cha santuri, cha mtindo wa zamani, chenye valvu mbili: vile vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa, kama vya redio za mbao. Sauti inayotoka kwenye sindano ni hafifu mno. Valvu ndizo zinazoikuza kabla haijafika kwenye spika.

Jumapili, baada ya ibada, tulikaa sebuleni mimi na baba. Kwaya ikaanza. Wanawake wote walikuwa wamebanana, utadhani wanaimba ndani ya gunia.

"Mama yuko wapi, baba?"

"Yumo humo humo," akasema. "Sikiliza."

Nilisikiliza hadi shingo ikauma. Sikumpata.

Fundi redio mmoja mjini akanieleza kwamba valvu hazifanani. Ukibadilisha, sauti nayo hubadilika, ilimradi namba ziwe zilezile. Nikaagiza mbili mpya Dar es Salaam. Zilipofika nilizima umeme, nikasubiri zile za mwanzo zipoe, nikazichomoa polepole na kupachika mpya. Sasa kila neno lilisikika, na kila "s" ilichoma masikio. Baba, ambaye hasikii vizuri siku hizi, alifurahi mno. "Leo ndiyo naelewa wanachosema!" Mimi nilisikia sauti ya kwanza tu, wale wenye sauti nyembamba, wamewafunika wenzao.

Nikavuka mpaka kwenda Nakonde. Niliambiwa kuna mama mjane ambaye marehemu mumewe alikuwa akitengeneza redio.

"Mulishani, mukwai?" nikamsalimia.

"Bwino, mukwai. Karibu, dada."

Alinitolea boksi lililojaa valvu zilizofungwa kwenye magazeti. Tulikaa uani kwenye mkeka tukizifungua. Alinionyesha ile rangi ya fedha kwenye utosi wa kioo: ikiwa bado inang'aa, valvu ni nzima, ikigeuka nyeupe, hewa imeingia, haifai tena. "Yeye alikuwa anazigonga kwa ukucha, hivi," akasema, akaigonga moja, akaisogeza sikioni. Akaifuta kwa pindo la kanga kabla hajanipa. Tulipata mbili zenye namba yangu.

Nilizipachika alasiri ileile. Kwanza ulisikika mvumo, kama nyuki walio mbali. Kisha wanawake wa sauti ya pili wakajitokeza, na mmoja wao akawa mbele ya wote: sauti nzito kidogo, tulivu, ya mtu asiye na haraka ya kuvuta pumzi. Nilijua ni yeye.

Tangu hapo, nikitoka kazini, kabla hata ya kubandika sufuria, nilikuwa naiwasha. Nilijifunza kila mahali anapovuta pumzi, nami nikawa navuta naye. Kuna siku nilimweleza mambo ambayo sijawahi kumweleza mtu. Nilipomuuliza baba kama ndiye, alitazama dirishani.

"Zamani ningekuambia papo hapo," akasema. "Sasa hivi, mwanangu, kila mwanamke humo ndani nasikia ni yeye."

Mwaka huu, baada ya mavuno, mama mmoja alishuka kutoka Ileje kuja kumwona baba. Alikuwa rafiki wa mama, na waliimba pamoja. Nilimpa chai, nikamwekea santuri. Akatabasamu kwa aibu, akafunika mdomo kwa mkono.

"Unamsikia mama?" nikamuuliza. "Huyu hapa, wa mbele."

Aliuondoa mkono mdomoni. "Mwanangu," akasema, "huyo ni mimi."

Akanishika mkono.

"Mama yako alikuwa na haraka. Ubeti wa tatu anaingia kabla yetu. Mwalimu wa kwaya alikasirika kweli, ila waliokuwa wanarekodi wakasema muda umekwisha."

Nikarudisha sindano. Kwa valvu za Nakonde nilisikia mvumo tu mahali pale anapoingia, kisha kwaya nzima. Nikazima, nikangoja, nikapachika zile za Dar. Ubeti wa tatu ulipofika, kabla ya wote, ilitoka silabi moja peke yake, nyepesi, ya kisichana, kisha wenzake wakaimeza.

Baba alicheka hadi akafuta machozi. "Ndiye! Hata kwenda sokoni alikuwa ananiacha nyuma!"

Nilirudia, nikarudia tena. Sauti ile haikufanana hata kidogo na ile niliyokuwa nikizungumza nayo. Nilimpata mama, kipande kisichotosha hata pumzi moja, na papo hapo nikajikuta namwomboleza yule mwingine, ambaye alikuwa amekaa mbele yangu akipoza chai.

Valvu za Dar sijazitoa tena.

Kesho yake asubuhi, mgeni wetu akijiandaa kuondoka, nilimuuliza mama alikuwa akiniitaje. Aliweka kikombe chini, akaenda kusimama kwenye mlango wa jikoni, mkono kwenye fremu. "Alikuwa anasimama hivi," akasema. Kisha akaliita jina langu la utotoni, upesi upesi, mara mbili, akivuta mwisho wake kwa lafudhi ya Kinyiha.

"Abee," nikaitika, na nikainuka.