Mwanamke Aliyeomba Kaa la Moto Bugeshi

Mimi si mtu wa kutunga maneno. Darasa sikulimaliza, lakini macho yangu ni mazima, na hili nililiona mchana, si usingizini. Asiyeamini anywe chai yake, aniache.

Mkwe wangu Zaina alijifungulia kwao Bugeshi kabla ya mwezi wake kufika. Mtoto mdogo, wallahi, ungemlaza ndani ya kofia. Muuguzi akasema ateremshwe hospitali ya mjini, Gisenyi, na njiani asipate baridi hata kidogo. Mwanangu Saidi akaleta gari lake, la zamani kuliko ndoa yake. Na nani asiyeijua baridi ya kule chini ya volkano? Ukungu ulikuwa umemeza mashamba yote ya viazi.

Donc, tukaondoka. Saidi akawasha shofaji, kile kipuliza joto cha ndani ya gari. Ikapuliza kwa nguvu, upepo wa baridi tupu.

"Saidi, hiyo ni shofaji ao ni dirisha?"

"Imezeeka, Mama. Nayo inataka heshima."

Sikucheka. Zaina alikuwa amemuweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Akaniambia polepole, "Mama, miguu yake imepoa."

Nikamwambia Saidi asimame.

Alipofungua boneti, akatokea kwenye ukungu mwanamke amejifunga kitenge, ameshika kigae cha chungu. "Munipe kaa moja la moto."

Zamani ndivyo jirani alivyoomba moto, na kumnyima ilikuwa aibu. Lakini siku hizi za kiberiti kila duka, nani bado anatembea na kigae?

"Na sisi tunautafuta, mama," nikamjibu. "Mjukuu wangu anapoa."

Akainama kwenye injini, akashika mipira miwili inayopeleka maji ya moto kwenye shofaji na kuyarudisha. Akamwambia Saidi aguse. Mmoja unachoma. Mwingine baridi kama sambaza za asubuhi, vile visamaki vya ziwani.

"Moto iko," akasema. "Maji ya kuubeba ndiyo hakuna. Lakini usifungue kifuniko cha maji sasa, itakuchoma uso. Zima, ngoja ipoe."

Kungoja? Na mtoto vile? Nilitaka kumkemea. Yeye akaingiza kile kigae kitupu ndani ya nguo, kwenye miguu ya mtoto. Nikakigusa: kina joto kama kimetoka jikoni. Hapo nikatazama vizuri. Sisi wote tulikuwa tunatoa moshi mdomoni kwa baridi. Yeye anasema, na moshi hautoki.

Kigae nikakiacha palepale. Wewe ungefanya nini?

Injini ilipopoa Saidi akafungua. Maji yalikuwa chini kabisa. Kibano cha mpira kimelegea, yanavuja. Akakikaza. Nikampa birika langu la maji ya kutawadha, nami alasiri ile nikatayamamu kwa udongo. Akamimina, akawasha injini kifuniko kikiwa wazi, mapovu yakapanda, akaongeza mpaka yakaisha, akafunga. Shofaji ikapuliza joto.

"Mama, ananyonya," Zaina akasema, akalia.

Nikageuka kumshukuru yule mwanamke. Hayuko. Kigae hakiko. Kwenye tope nyayo ni zetu tu.

Mtoto leo anakimbia, na vikombe vyangu anavimaliza kwa kuvivunja. Alhamdulillahi. Kila mvua ya baridi namgusa miguu, naikuta ya moto.

Lakini yule aliomba moto, akaondoka bila moto. Kwa hiyo kila jioni naacha kaa moja linawaka kwenye mbabula, jiko langu la makaa, nje ya mlango. Saidi anasema napoteza makaa. Asubuhi nyingi nakuta majivu. Asubuhi za ukungu mzito sikuti kaa, sikuti majivu. Nasema asante, nafagia.

Basi wewe mwenye gari la zamani, shofaji ikileta baridi, angalia maji kwanza, na usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Na mtu akikuomba moto, usimuulize kiberiti chake kiko wapi. Mpe.