Printa ya Ofisi na Macho ya Mama

Ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi Kajiado mjini ilipohama, wafanyakazi waliuziwa mashine kuukuu, nami nikarudi nyumbani Kitengela na printa ya leza nzito kama gunia la mahindi. Wahenga walisema rahisi ni ghali, lakini wahenga hawakuishi na mama yangu.

Mama ni msomaji wa kanisani kwetu. Alitoka Ukambani kuja kukaa nami baada ya baba kufariki, hakumjua mtu hapa, na ni somo la Jumapili lililofanya watu wamjue. Presha ya macho ilipomwanza aliniambia, "Siku nitashindwa kusoma, nitakuwa mtu wa kuwekewa kiti tu." Basi kila Jumamosi nikawa namchapishia somo kwa herufi kubwa. Miezi ilivyosonga, herufi nazo zikazidi kunenepa, hadi somo la ukurasa mmoja likawa linajaza faili.

Sitadanganya, kazi hiyo ilinichosha. Mashine ile iliumbiwa ofisi yenye watu wengi wa kuilaani kwa zamu. Ikianza kupata moto, taa za nyumba hufifia na tokeni za stima huyeyuka nikiziona. Vumbi letu likiingia ndani yake karatasi hukwama, nami hupiga magoti kuzivuta kipande kwa kipande, wiki nzima ya kazi ikiwa bado mgongoni. Na nikishamaliza, mama hutaka nimsomee yote.

"Soma nisikie kama haijaruka mahali," husema. Kisha, "Hebu tena."

Nilisoma mbio mbio, githeri ikishika chini ya sufuria, nikinung'unika moyoni kwamba mama amekuwa msumbufu. Macho ni yake, faili ni yake, mbona asijisomee?

Jumamosi moja wino wa unga ulikwisha. Nikanunua kasha lililojazwa upya, nikalisukuma ndani, nikabonyeza. Kwa kuwa nilikuwa nimechelewa kupika, nilimsomea mama kutoka kwenye kompyuta huku printa ikinguruma. Karatasi zake hutoka zimelala kifudifudi. Nilizikusanya hivyo hivyo zikiwa na joto, nikazitia kwenye faili, nikakimbilia jikoni.

Kesho yake mama alisimama mbele ya kanisa, akafungua faili, akasoma. Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, haina haraka, na kurasa alizifunua moja baada ya nyingine. Hakukosea neno. Ibada ilipokwisha, mzee mmoja wa kanisa, Mmaasai anayemwita yeyo kama anavyomwita mama yake mzazi, alimshika mkono mlangoni.

"Yeyo, hiyo sauti Mungu akuwekee."

Mama alicheka, akanipa faili nimbebee. Karatasi moja ilikuwa imechomoza, nikafungua faili ili niipange. Ilikuwa nyeupe pe. Nikafunua ya pili, na ya tatu, na zote zilizobaki. Hapo ndipo nilipokumbuka ule utepe wa plastiki unaofunga unga ndani ya kasha jipya. Sikuuvuta.

Nilisimama pale uani watu wakinipita wakisalimiana. Nilielewa kwa nini kila Jumamosi ilikuwa "hebu tena". Kumbe hakuwa akiikagua mashine. Alikuwa akilishika somo neno kwa neno, kutoka kwenye mdomo wangu uliojaa uchovu na hasira, na sijui tangu lini. Niliona aibu, nikamhurumia, na nikajivunia kuwa mwanawe, yote kwa pamoja.

"Leo herufi zilikuwa nyeusi kabisa," mama akasema. "Hiyo mashine yako sasa iko sawa."

Nilizifunua tena zile kurasa nyeupe. Uso wangu mama hauoni vizuri siku hizi, lakini karatasi zikifunuliwa alizisikia.

"Ni nini? Kuna shida?"

"Hakuna, mama. Zimetoka vizuri."

Nilifunga faili, akanishika mkono, tukaanza kwenda nyumbani. Tulikuwa tumefika mbali kidogo na kanisa alipozungumza tena, akitazama mbele tu.

"Lakini Jumamosi usome polepole. Wewe huwa unakimbia sana, na hii kichwa yangu imezeeka."