Kufuli na Uvimbe wa Mama Mkwe

Mtaani walimpa jina la Kufuli, na hawakumpa kwa mapenzi. Walimpa kwa hasira. Mwanamke gani huyu, anashinda zahanati kutwa nzima, anajua presha ya nani imepanda na mkojo wa nani una sukari, halafu jioni ukimvutia kiti mpige soga anakuuliza watoto hawajambo? Watoto! Nani kauliza habari za watoto? Watu wanataka kujua yule muuza mkaa alifuata nini kule juzi, mbona alitoka kainamisha kichwa. Thubutu! Piga ua, Kufuli hasemi.

Kazi yake ilikuwa msaidizi wa daktari. Ndiye aliyekupokea, akakupima uzito na presha, akakuosha kidonda na kukifunga. Daktari akimpima mwanamke nyuma ya pazia, Kufuli alisimama pembeni ili mwanamke asijione yuko peke yake. Wengine walimwita daktari, naye aliwarekebisha palepale: "Mimi msaidizi, mama. Dawa utaambiwa na daktari mwenyewe." Jirani akimletea mtoto anayeharisha nyumbani, ampe "vile vidonge vyenu vya njano," Kufuli alikataa katakata, kisha akavaa viatu akamsindikiza hadi zahanati. Wakasema anaringa. Hivi mwenye kuringa anakubebea mtoto wako mgongoni jua lote lile? Watu nao!

Nyumbani alikuwa na mume, fundi wa friji, mtu wa utani na vicheko, na mama mkwe aliyekaa chumba cha uani. Huyo mama mkwe, loo! Ulimi wake haukujua kupumzika. "Mke wa mwanangu kazi yake kubeba vikopo vya mikojo," aliwaambia wageni, na Kufuli yupo hapohapo anamimina chai. Kufuli akacheka nao. Mimi ningemwaga hiyo chai makusudi.

Basi asubuhi moja yuko mapokezi, anainua macho amwite mgonjwa anayefuata, anamwona nani? Mama mkwe, kajitanda mtandio mpaka puani kama mwizi wa kuku.

Kufuli hakupayuka "Mama, kulikoni!" mbele ya watu. Alimwingiza chumba cha vipimo kama anavyomwingiza yeyote, akafunga mlango, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, mama. Nimwite mwenzangu akuhudumie? Pengine utakuwa huru zaidi."

"Mwenzako yupi? Yule anayecheka mpaka barabarani? Kesho mtaa mzima watakuwa wanalijadili titi langu." Mama mkwe akakaa. "Nina uvimbe hapa. Umekaa siku nyingi sasa. Na mwanangu asijue."

"Kwangu hatasikia, mama. Lakini nakuomba umwambie mwenyewe."

"Hilo niachie mimi."

Daktari alimpima, Kufuli kamshika mkono. Wakachukua kinyama kidogo kwa sindano, kikapelekwa maabara kubwa, mama akaambiwa arudi majibu yakifika.

Kusubiri huko ndiko kulikomtesa Kufuli. Mama mkwe aliacha kula vizuri, akaacha hata kumsema mtu, na mwanawe si kipofu. Jioni moja alimfuata mkewe jikoni.

"Mama ana nini?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza, kanifukuza. Kuna mtu kamwona zahanati kwenu. Alifuata nini?"

"Muulize mama, mume wangu."

"Mimi ni mumeo! Na yule ni mama yangu mzazi!" Utani wote ulikuwa umemtoka. "Sikiliza. Kama mama yangu anaumwa, na wewe unajua ukaninyima, sitakusamehe."

Na hakuwa anatania. Alihamishia godoro sebuleni, akawa anamsalimia mkewe kama mtu anayemsalimia askari. Kufuli alimpenda sana mtu huyo, na iliuma. Sentensi moja tu ingemrudisha chumbani. Badala yake alikwenda uani akamsihi mama mkwe, "Mama, nyumba inawaka moto. Mwambie." Yule mama akatikisa kichwa, akanong'ona, "Nikimwambia, itakuwa kweli." Kufuli akafuta machozi, akarudi kuosha vyombo.

Siku ya majibu woga ulimzidi mama mkwe, miguu ikakataa kumpeleka peke yake. Akamwambia mwanawe yote mlangoni, viatu tayari mguuni. Fundi akaja naye zahanati, akakaa kwenye benchi la kusubiria bila kumtupia mkewe hata jicho.

Kufuli aliingia na mama mkwe kwa daktari. Majibu yakasomwa: uvimbe wa kawaida. Si saratani. Mama akalia. Daktari akataka kumpima tena, kumbe boksi la glavu limeisha, akamtuma Kufuli stoo.

Na stoo iko wapi? Ng'ambo ya lile benchi.

Fundi akasimama, akamzibia njia. Hasira ilikuwa imeyeyuka, imebaki hofu tupu. "Vipi? Niambie." Kufuli akajaribu kupita. "Basi nitikisie kichwa tu. Nikonyeze hata kope, mke wangu, nakufa hapa."

Jamani! Habari njema iko ulimini, mume analia mbele yako. Mimi ningeitangaza kwa sauti ya juu. Kufuli alisema kwa upole, "Kaa, mume wangu. Mama anatoka sasa hivi." Akachukua glavu, akarudi ndani.

Fundi akaketi, uso viganjani. Alikuwa na hakika mama yake anakufa, kwa sababu nani anaficha habari njema?

Pazia likavutwa, mlango ukafunguka, mama akatoka na machozi na meno yote nje. "Mwanangu, sina saratani! Sina!" Fundi akamkumbatia, akacheka, akalia, watu wote wa foleni wakageuka. Kisha akamtazama mkewe.

"Ulijua, ulipopita hapa?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nakufa na habari njema mdomoni?"

"Haikuwa yangu," alisema Kufuli. "Woga mama kakaa nao mwenyewe siku zote hizi. Nimpokonye na furaha ya kukwambia?"

Fundi akatazama mlango wa daktari, akamtazama mama yake, akasogea karibu na mkewe ili foleni isisikie.

"Siku nikija hapa na langu," akasema, "unihudumie wewe."

"Karibu," Kufuli akajibu, akijifuta macho kwa mkono wa koti. "Lakini foleni utapanga."

Akaenda kumwita mgonjwa anayefuata.