Koboyi Mbele ya Mama Mkwe

Wachunga ng'ombe wa kweli walikuwapo Kamina, na hawakufanana na sisi hata kidogo. Walishuka mjini kutoka kwenye mashamba makubwa ya mifugo ya Wazungu, miguu peku, kaptula zimechanika matakoni, wananuka zizi. Wakituona barabarani walicheka mpaka wakashika mbavu. "Weye koboyi, ng'ombe yako iko wapi?" Tuliwatazama kwa huruma. Maskini, walikuwa na ng'ombe lakini hawakuwa na mshipi.

Makoboyi tulikuwa sisi, vijana wa cité, mtaa wa Waafrika, na tulichokijua kuhusu kazi hiyo tulikipata kwenye shuka. Jumamosi jioni Padri alitundika shuka jeupe katika kiwanja cha misheni na kuwasha mashine yake ya sinema. Kwanza alituonyesha inzi, jinsi wanavyotua juu ya uchafu na kisha juu ya chakula. Tulivumilia inzi wale kwa adabu kubwa, maana baada yao walikuja farasi. Mwanamke na mwanamume wa kwenye shuka wakikaribiana nyuso, Padri aliweka kiganja mbele ya taa, nasi tukapiga miluzi gizani mpaka farasi warudi.

Ilikuwa miaka ile ambapo Base, kambi kubwa ya jeshi la Wabelgiji, ilikuwa ikijengwa, na treni zilileta saruji, mabomba na watu. Cité iliongezeka kila ukiigeuzia mgongo. Huyu Mkasai, karani, kalamu mfukoni. Yule ametoka Kinkondja na samaki wake wakavu. Mwingine hata lugha yake hukuijua. Zamani kijijini mtu alijulikana kwa babu yake. Hapa hakuna aliyemjua babu yako, kwa hiyo watu walikutazama nguo.

Nguo zangu basi. Suruali ya turubai nzito iliyokuwa hema la askari, aliyoishona fundi Mkasai na kuitia vishada ubavuni toka kiunoni hadi kifundoni. Shati la miraba. Fulari nyekundu shingoni. Mshipi mpana kiunoni. Viatu vya askari nilivyovipaka mafuta mpaka vikasahau jeshi. Na kofia ya ukingo mpana kutoka duka la Mgiriki, ambayo kwa ajili yake nilikula ugali wa bukari na mboga ya sombe bila samaki kwa muda mrefu sana, nikikonda kwa furaha. Farasi wangu alikuwa baiskeli, kama farasi wa wenzangu wote.

Msinicheke bado. Katika karakana ya treni nilivaa ovaroli yenye namba kifuani, na Mzungu aliyekuwa mdogo kwangu kwa umri aliniita "boyi". Nyumbani, marehemu baba alikuwa amenitakia kaptula ya kaki kama ya makatekista. Nguo zile za koboyi zilikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu nilichokichagua bila mtu kuniamuru. Nikizivaa, mgongo wangu ulinyooka wenyewe. Nilizipenda, na sina haya kulisema.

Koboyi alikuwa na mwendo wake: katikati ya barabara, miguu imepanuka kana kwamba farasi bado yumo kati, kofia imeshuka mpaka juu ya pua, kijiti cha kiberiti mdomoni. Jambo moja kubwa kuliko yote: koboyi hampishi mtu njia. Hapo ndipo mambo yaliponiharibikia, kwa sababu nilikuwa nimeshachumbia.

Msichana alikuwa wa ukoo wa wakulima wa hapa hapa, watu waliokuwa Kamina kabla ya reli. Baba mdogo wangu, aliyekuwa mshenga, alikuwa amepeleka jembe, kuku na blanketi, na vyote vilikuwa vimepokewa. Maana yake mama yake alikuwa tayari mama mkwe wangu, na kwa Waluba hilo si mchezo. Kuna buko, heshima ya ukwe. Mkwe hatazami uso wa mama mkwe wake, hasemi naye, hamgusi. Wakikutana njiani, mwanamume ndiye anayeingia majanini na kugeuka mpaka mama apite.

Jumapili moja baada ya misa nilikuwa nikitembea katikati ya barabara ya sokoni, kofia juu ya pua. Naye mama mkwe, aliyechuuza samaki wa Bukama, alikuwa anakuja na beseni lake kichwani. Aliniona mbali, akaendelea kutembea bila wasiwasi, akijua mkwe wake atapisha kama mkwe yeyote duniani. Mimi sikuona kitu zaidi ya ncha za viatu vyangu, ambavyo nilikuwa navistaajabia. Nikamgonga kifua kwa kifua.

Beseni lilianguka, samaki wakatawanyika. Nami, badala ya kukimbia, nikafanya vibaya zaidi: nikavua kofia, nikamtazama usoni, nikasema, "Pole, mama!" Alipiga ukelele, akajifunika kitenge kichwani, akachuchumaa kunipa mgongo. Barabara nzima ya wanawake ikalipuka. "Buko! Buko! Aliona mukwe mu macho!" Wenzangu makoboyi, mashujaa wa Kamina, walitokomea wote na baiskeli zao.

Siku ya pili jembe, kuku na blanketi vilirudishwa mlangoni kwa baba mdogo. Kuku alikuwa amenenepa, nadhani ili tuone kwamba hawakutudhulumu. Ujumbe wa baba yake msichana ulikuwa mfupi. Nilete mbuzi wa kuondoa haya. Halafu nilete suruali, fulari na kofia, zichomwe uani pake mbele ya ukoo. Nisipozileta, hakuna ndoa.

"Mbuzi nitatoa hata leo," nilimwambia baba mdogo. "Nguo sichomi."

"Juu ya nini? Ile iko manguo tu."

"Kama ni nguo tu, mbona wanataka kuzichoma?"

Aliniita kichwa cha mawe, na maneno mengine ya Kiluba ambayo siyaandiki. Lakini damu ilikuwa imenichemka. Mbuzi alikuwa haki yao, maana nilikosa mbele ya mama. Moto ulikuwa kitu kingine. Walitaka nisimame nitazame uso wangu mwenyewe ukiungua, kisha nirudi nyumbani na kaptula ya kaki. Hata hivyo nilipolala nilimwona yule msichana, si kofia. Nilimtaka kwa moyo wote. Siku zile nilikonda tena, safari hii bila furaha.

Tulionana kisimani, yeye na ndoo, mimi na aibu yangu. Nilimuuliza anataka nifanye nini.

"Kama unaacha ile manguo juu ya woga," alisema, "kesho utaniacha hata minyi juu ya woga."

"Basi twende kwa shangazi yangu Bukama. Twende tu."

"Minyi sitoroke. Mama yangu si muntu wa kukimbia. Tafuta njia ya kumufikia."

"Nitamfikia vipi? Hata kumtazama siwezi!"

Aliinua ndoo akaiweka kichwani. "Hiyo njo kazi yako, koboyi," akasema, na akaondoka bila kumwaga tone.

Mbuzi alipelekwa, akapokelewa. Suala la nguo likabaki limesimama kama mlango uliokwama. Mvua zikaanza.

Jumamosi alasiri, kazi ikiisha, makoboyi tulikuwa na desturi ya kwenda stesheni kutazama treni ya Bukama ikiingia. Abiria ndio waliokuwa watazamaji wetu wazuri kuliko wote, maana walikuwa hawajatuzoea. Siku hiyo wingu lilikuwa jeusi na matone ya kwanza yalikuwa yanapiga bati. Treni ikasimama. Kutoka behewa la mwisho akashuka mama mkwe na vikapu vyake vya samaki. Behewa lilikuwa juu, ardhi ilikuwa tope, na mguu wake ukapinda. Akakaa chini palepale, ameshika kifundo, uso umekunjamana kwa maumivu.

Wachukuzi walikuwa wamekwishakimbilia mizigo ya wenye viatu. Wa nyumbani kwake hakuwapo hata mmoja, kwa kuwa alirudi kabla ya siku aliyowaambia. Mvua ikaanza kumwagika kweli. Aliinua macho, akaona kundi letu, akanitambua, akavuta kitenge usoni upesi.

Nilisimama pale nikipima. Kumwacha mama akae topeni na mvua ni aibu ambayo Kamina isingeisahau. Kumsogelea ni buko mara ya pili, na safari hii hakuna mbuzi ambaye angenitoa. Jamani, nilitamani treni inikanyage. Kisha nikakumbuka wanaume wa kwenye shuka, wale wabaya, wanavyofanya kabla ya kuingia benki. Nikavuta fulari mpaka juu ya pua. Nikashusha kofia mpaka ikakutana na fulari. Nikawageukia wenzangu.

"Funikeni nyuso. Wote. Na asiongee mtu."

Lazima niwasifu rafiki zangu, ingawa siku ya samaki walinikimbia. Hakuna aliyeuliza. Fulari zikapanda, kofia zikashuka, na ghafla pale stesheni palikuwa na kundi la watu wasio na uso, wote suruali moja, wote vishada. Mama mkwe asingeweza kusema yupi ni mkwe wake hata kama angeapishwa.

Tulimsogezea baiskeli iliyokuwa na kikalio nyuma, tukaiinamisha, akashika mwenyewe, akajivuta, akakaa. Hakuna mkono uliomgusa. Mmoja akasukuma, wengine wakashika baiskeli pande mbili, vikapu vikapanda kwenye farasi waliobaki. Ni nani aliyesukuma? Mpaka leo nikiulizwa nakohoa.

Tulipita cité nzima hivyo, mvua ikitupiga, tope mpaka magotini, bila neno. Watu walitoka barazani. Walioanza kucheka waliona ni nani amekaa juu ya baiskeli, wakanyamaza, halafu nikasikia mwanamke mmoja akisema polepole, "Angalieni! Banafunika sura juu ya buko ya mukwe." Maneno yakatutangulia nyumba kwa nyumba. Chini ya fulari ile iliyolowa nilikuwa natabasamu kama mwendawazimu.

Baba mkwe alipoona wanaume waliofunika nyuso wanaingia uani kwake, alitoka na panga.

"Bezi! Bezi beko hapa!"

"Acha panga, mubaba," alisema mama mkwe kutoka kwenye baiskeli. "Bamenileta toka ku gare ya treni. Mugulu wangu karibu uvunjike, na weye uko na panga."

"Ni banani hawa?"

"Minyi sijue. Sikuona sura ya muntu. Niliona makofia tu."

Baba mkwe alitutazama mmoja mmoja. Panga likashuka. Aliniangalia mimi kwa muda mrefu kuliko wengine, au aliangalia viatu vyangu, sijui. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, kiganja mdomoni, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Tulishusha vikapu chini ya upenu tukaondoka kimya, na tulipofika kona tukapiga kelele kama watoto.

Ukoo uliitana. Baba mdogo, yule yule aliyeniita kichwa cha mawe, alikwenda akasimama kama wakili. "Kaptula ya kaki inafunika nini? Magoti haifuniki. Hii munaita manguo ya bila heshima njo inaficha mukwe toka kichwa mpaka mugulu. Munataka kuichoma? Basi choma na buko yenyewe." Dada mkubwa wa baba mkwe, mwanamke asiyecheka bure, alicheka mpaka akajifuta machozi, na baada ya hapo hakukuwa na shauri la moto. Jembe, kuku na blanketi vikarudi kwao. Kuku alikuwa sasa ameijua njia.

Tulifunga ndoa kiangazi kilipoanza. Padri alitaka kofia zibaki nje ya kanisa, tukazipanga kwenye ukuta, na watoto waliojaa kuzitazama walikuwa wengi kuliko waliotutazama sisi. Nilivaa suruali yangu ya vishada mbele ya altare. Mke wangu alivaa gauni jeupe, na kwenye kiuno chake, kwa kuchagua mwenyewe, mshipi wa koboyi wenye bamba la shaba. Masista walikunja uso. Alipendeza kupita kiasi.

Jioni uani kwao watu walikuwa wakicheza, na ghafla ngoma zikanyamaza. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati. Alikuwa amegeukia ukuta, mimi nikiwa nyuma yake na umati wote kati yetu. Akaanza kasala, yale majigambo ya Kiluba ambayo kwayo mtu husifiwa pamoja na ukoo wake. Sauti yake sikuwahi kuisikia ila katika ukelele na siku ile ya panga. Aliwaita babu zangu mmoja baada ya mwingine, wale ambao nilidhani hakuna mtu Kamina anayewajua. Alikuwa amekwenda kuuliza, na huko kwetu si karibu. Baada ya babu zangu akaniweka mimi, mwanamume wa kofia, mwanamume aliyemtoa mama topeni.

Nililia pale pale, na suruali yangu na mshipi wangu. Hakugeuka hata mara moja. Alimaliza akiwa amenipa mgongo, kama desturi inavyotaka, na kila mtu uani alijua anasema na mwanawe.