Sauti ya Pili ya Royce

Wynelle Tackett alimzika mumewe Jumanne ya mwisho ya Machi, na hakulia. Si kwamba alijikaza. Machozi hayakuja tu, naye hakuwa na nguvu za kuyatafuta. Majirani walileta bakuli kumi na tatu za tambi na jibini. Alikula bila kujua kama zina chumvi au hazina, na zilipokwisha akaziosha bakuli na kumrudishia kila mtu yake.

Yeye na Royce walikuwa waimbaji wa sauti ya pili. Mjini Nashville watu wa kazi hiyo ni wengi kama wachungaji, na wachungaji wa huko si haba. Umewasikia maisha yako yote, na ukikutana nao sokoni unawapita. Nyota anaimba, wao wanamshika kwa nyuma, kisha wanakwenda zao kula. Kwa miaka thelathini na moja mke na mume hawa walisimama kwenye maikrofoni moja, yeye kulia, Royce kushoto. Na kwa miaka yote hiyo Royce aliwahi. Wenzake wakingoja neno, yeye kashaingia, nusu pigo mbele yao. Wynelle alikuwa akimfinya ubavuni.

"Wewe Royce, mlango haujafunguliwa, umeshakaa mezani!"

"Nina njaa, mke wangu."

Kazi yake ya mwisho aliifanya Februari, kwenye albamu ya Brylee Dunne, binti wa miaka ishirini na tatu mwenye gitaa la kantri na ngoma za disko. Siku hiyo Wynelle alikuwa na mafua, kwa hiyo Royce aliimba peke yake. Wimbo wenyewe ulihusu ufunguo uliofichwa chini ya chungu cha maua, na kibwagizo chake kiliishia kwenye neno "nyumbani." Wiki tano baadaye moyo wake ukasimama akiwa anafunga kamba za viatu.

Pale kwenye jeneza, prodyuza wa albamu, Tripp Haldane, alimshika Wynelle mikono yote miwili. "Sauti ya Royce haitoki kwenye ule wimbo. Nakuahidi." Katika maneno yote aliyoambiwa siku ile, hilo ndilo pekee lililomwingia.

Mei, Tripp akapiga simu.

"Mama Wynelle, sijui nianzie wapi. Wakubwa wa kampuni wameusikiliza. Wanasema sauti ya Royce ni ya milimani mno, ya kizamani. Wanataka redio za vijana nazo ziupige. Wanataka sauti ya mwanamke."

"Mwanamke gani?"

Tripp akakohoa. "Hakuna anayeijua ile sehemu kama wewe."

Mtu mwingine angemtukana, na mimi ningempa mkono wa pongezi. Wynelle alitazama jagi la chai ya baridi lililokuwa mbele yake. Alitafuta hasira, hakuipata.

"Saa ngapi?" akauliza.

Akaenda studio. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda, na ule wimbo ulikuwa umefanywa mpya kweli: gitaa la chuma la nyimbo za kantri limeondolewa, makofi ya kompyuta yamewekwa. Alivaa hedfoni. Fundi akamsikilizisha sehemu ya Royce mara moja ili aifuate, kisha akaizima, na Wynelle akaisikia ikizimwa. Mwili wake wote ulikuwa umekufa ganzi, mpaka midomo. Lakini kibwagizo kilipokaribia, aliamua jambo moja. Kwenye "nyumbani" aliwahi. Nusu pigo kamili, kama alivyokuwa akiwahi marehemu. Kama sauti imetolewa, basi kosa lake na libaki. Hakumwambia mtu. Kwa dakika arobaini kazi ikawa imekwisha.

Kiangazi kizima alikuwa na hilo tu. Hakuliita furaha. Alijua tu kwamba lipo mahali fulani na siku moja litatoka.

Albamu ilitoka Ijumaa moja ya Septemba. Asubuhi Wynelle aliweka sahani ya santuri kwenye mashine, akakaa kitini, akangoja kibwagizo. "Nyumbani" likaja. Lilikuwa limenyooka. Sauti yake na ya Brylee ziliingia pamoja, sawasawa. Akaurudia wimbo mara tatu, kisha akampigia Tripp.

"Ah, lile! Uliwahi kidogo, nikakusogeza. Kwenye kompyuta ni sekunde mbili tu. Usijali, mama, hakuna atakayejua."

"Asante," akasema Wynelle, akakata simu. Akapiga pasi shati, maana mchana alikuwa na kazi.

Saa sita Brylee aliimba kwenye duka la santuri, katikati ya makabati, mbele ya watu kama sitini waliokuja kusainiwa albamu. Wapiga gitaa wawili, Brylee, na Wynelle nyuma yake. Hapo hapakuwa na kompyuta.

"Uko sawa, Mama Wynelle?" Brylee alimnong'oneza.

"Imba, mwanangu."

Wimbo wa ufunguo ukafika. Kibwagizo kikapanda. Wynelle akawahi, nusu pigo, kwa sauti ambayo hata waliokuwa mlangoni waliisikia. Brylee akageuka kumtazama. Na mkono wa kushoto wa Wynelle, bila kutumwa na mtu, ukatoka upande kufinya ubavu wa mtu, kama ulivyozoea miaka thelathini na moja. Ukafinya hewa.

Hapo ndipo alipoumia, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Aliumia vibaya, machozi yakamshuka hadi kwenye kola ya shati, na hakuinua mkono kuyafuta. Kibwagizo cha pili kilipofika akawahi tena.