Nilinunua kompyuta ya baiskeli ya kupima moyo wangu: yaliyotupata barabara ya Kaptagat

Wakuu, natumai mko salama. Mimi ni wa kusoma tu humu, huwa sichangii. Lakini leo nina jambo langu, na sitaongeza chumvi hata punje. Mke wangu yuko hapa kando ananiangalia nikiandika.

Tunaishi Eldoret, mtaa wa Munyaka. Tuko na duka la vyakula, mimi na yeye. Watu wanamwita Mama Shiro, na mimi pia namwita hivyo hivyo.

Baiskeli ni kitu napenda tangu ujana. Nilianza na zile nyeusi za kubeba mkate. Watoto walipomaliza shule nikajinunulia ya race, mtumba lakini safi.

Halafu moyo ukanisumbua. Nilianguka dukani nikipanga unga. Nikalazwa, nikawekwa kwa dawa, chakula kikawa cha chumvi kidogo sana.

Nilipopata nafuu nikamuuliza daktari kuhusu baiskeli. Akasema naweza kurudi polepole, lakini mapigo ya moyo yasipite 120 kwa dakika.

"Sasa daktari, nikiwa kwa mlima nitajuaje?"

"Tafuta kifaa cha kukuambia," akasema.

Kwa wale hawajawahi kuona: kompyuta ya baiskeli ni kidude kama saa, unafunga kwa handlebar, yaani usukani. Inakuonyesha speed na umbali. Zingine zinakuja na mkanda wa kuvaa kifuani. Mkanda unasoma mapigo ya moyo na kuyatuma kwa screen bila waya.

Tukaenda mjini na Mama Shiro, kwa duka la Kiprono, jamaa anauza baiskeli na yeye mwenyewe ni mwendeshaji. Akatuonyesha moja kali sana, iko na ramani na kila kitu.

Mama Shiro akaishika, akairudisha.

"Ramani ya nini? Huyu anajua njia zote. Mimi nataka namba za moyo ziwe kubwa, nizione hata nikiwa kando yake."

Kiprono akacheka. "Lakini Mama, si ni Mzee ndiye anaendesha?"

"Hata mimi naendesha."

Wakuu, mimi nilisikia hiyo habari pale pale kama nyinyi. Mama Shiro hakuwa amepanda baiskeli tangu awe msichana! Lakini alikuwa ameamua hataniacha peke yangu barabarani. Tukatoka na kompyuta mbili za aina moja, zile simple, na baiskeli moja ya kina mama.

Mkanda wa kifua uko na siri yake. Lazima uulowanishe kidogo ndani, kwa sababu ukiwa mkavu unasoma uongo. Mnajua baridi ya Eldoret asubuhi. Mama Shiro alikuwa anachovya vidole kwa maji ya moto ya chai, anapaka mkanda wangu polepole, halafu ananifungia mgongoni kwa sababu mkono wangu haufiki. Wake anauvaa mkavu hivyo hivyo, anaharakisha.

Basi tukawa tunatoka Jumamosi, tunaelekea Kaptagat, kule wakimbiaji hufanya mazoezi. Wanariadha walikuwa wanatupita kwa miguu, sisi tukiwa kwa baiskeli. Wanatusalimia vizuri kabisa, wanapotea mbele. Hatukujali. Mama Shiro anakaa kando yangu, karibu mpaka magoti yanakaribia kugusana, jicho kwa screen yangu.

"Mia moja na nane. Sawa. Endelea."

Sasa kuna siku moja tulikuwa tumeanza kuona msitu. Barabara hapo ni tambarare, hata jasho sikuwa nalo. Ghafla screen yangu ikaruka. 164.

Mama Shiro aliona kabla yangu. "Baba Shiro, simama! Simama!"

Nikasimama. Akatupa baiskeli yake kwa nyasi, akanikalisha chini, akaanza kunifungua zipu ya jacket. Nilikuwa najisikia vizuri, lakini namba inasema vingine. Nikajiambia labda hivi ndivyo mtu huenda, bila hata maumivu. Nikawaza watoto.

"Usiongee," akaniambia. "Natafuta gari."

Akakimbia barabarani. Na akienda, namba ikapotea kwa screen. Ikabaki vistari tu.

Akarudi kuniangalia. 171.

Akaenda tena. Vistari.

Nikaweka mkono ndani ya shati. Mkanda wangu ulikuwa umeteleza mpaka tumboni, haukuwa unasoma kitu. Hizi kompyuta simple hazijui mkanda ni wa nani. Zinashika ule uko karibu.

"Mama Shiro, kuja ukae."

"Gari haijapatikana!"

"Kuja ukae. Huu moyo si wangu. Ni wako."

Akagusa mkanda wake, ulikuwa umeshalowa jasho. Akasema ni kwa sababu ameshtuka. Nikamwambia sawa, tungoje ushuke. Tukakaa kwa nyasi, nikamshika mkono. Mwanamke mmoja akapita na ng'ombe wake, akatusalimia, akaenda mpaka akapotea kwa kona. Namba ilikuwa bado 140 na kitu.

"Kwani hizi wiki zote yako ilikuwa inasema ngapi?"

"Sijui," akasema. "Yangu sikuwa naangalia. Nilikuwa naangalia yako."

Wakuu, hata sasa nikiandika hapo vidole vinakuwa vizito.

Tuliita pikipiki, tukarudi mjini, tukaenda hospitali moja kwa moja. Walimpima damu. Ilikuwa tezi ya shingo, thyroid, inafanya kazi kupita kiasi. Ndiyo sababu nguo zilikuwa zinamlegea, na yeye akisema ni chakula chetu cha chumvi kidogo. Usingizi ulikuwa umepotea, akasema ni wasiwasi juu yangu. Daktari alisema tumewahi. Ingeendelea, moyo wake ungechoka kabisa.

Akapewa dawa, akakatazwa baiskeli kwanza. Na mimi nikaegesha yangu. Alinigombeza sana, eti niende nisiogope. Nikakataa. Tukawa tunatembea tu jioni hapa Munyaka, mtu na bibi yake, majirani wakituchekelea.

Mwezi uliopita daktari alimruhusu kuendesha tena. Tulipofika ule msitu, akanipita. Akaenda mbele, hakugeuka hata mara moja kuangalia screen yangu. Nilimfuata nyuma nikitazama mgongo wake ukipanda mlima, mwenye nguvu, na sikutaka barabara iishe.

Kwa wanaotafuta kifaa: mkiendesha wawili, nunueni zile mkanda na screen zinajuana kwa code. Angalia ukubwa wa namba, usidanganywe na ramani. Na mkanda, lowanisha.

Lakini kubwa nililojifunza ni hili. Anayekuuguza na yeye ana mwili. Muulize. Usingoje mashine ikuambie.

Nani hapa anauguzwa, au anauguza mtu? Nyumbani kwenu mnafanyaje? Andikeni hapa chini, tutasoma wote wawili.